Maji Yaliyopimwa Mwezi wa Nne

Bodil mwenye kinu hakuwa mtu wa kusahau. Ukimkanyaga leo, mwaka kesho atakuonyesha ni kidole gani. Kwa hiyo Fundi Truels alipomfukuza mbele ya mafundi wake ishirini, wote wakicheka, alikuwa amejitakia balaa, na maskini wa Mungu hana habari.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bwana Esge wa Ellekær aliamua kujenga nyumba katikati ya ziwa. Si kando ya ziwa, kama watu wenye akili timamu, bali katikati kabisa, pale penye kina. Sababu kila mtu kusini mwa kisiwa cha Fyn aliijua, hata kama hakuna aliyeitaja mbele yake. Miaka ishirini nyuma, wakati wa vita vya kugombea ufalme, wakulima walishika mienge wakachoma nyumba za mabwana moja baada ya nyingine, na ya baba yake ilikuwa mojawapo. Mtoto aliyetolewa dirishani akiwa amezongwa blanketi sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyekundu, na alitaka maji pande zote nne. Nani wa kumlaumu?

Chini ya ziwa lile ni tope tupu, halibebi hata banda la kuku. Kwa hiyo Fundi Truels, seremala mkuu aliyeitwa kutoka Odense, alingoja baridi. Ziwa lilipoganda alikokota magogo ya mwaloni juu ya barafu, mia mbili na zaidi, akayasimamisha kwenye tope na kuyapiga vichwani kwa gogo zito la kuvutwa kwa kamba, mpaka yakagoma kushuka. Kijiji kilisikia kishindo hicho kutoka Krismasi hadi Kwaresima, na ng'ombe wakapunguza maziwa. Mwezi wa nne barafu iliyeyuka, maji yakajaa. Truels akaingia kwenye mashua, akaangalia maji yamefika wapi kwenye gogo la pembeni, akachonga alama kwa shoka. Vichwa vya nguzo zote, akaagiza, vikatwe dhiraa moja chini ya alama hii, na juu yake yapangwe mawe.

Tusimwonee, fundi alijua kazi yake. Mwaloni ukizama majini moja kwa moja hauozi. Unakaa hata ukawa mweusi na mgumu, shoka likaruka. Kinachouua ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hilo Truels alilijua tangu ujana. Asichokijua ni kwamba ziwa la Ellekær lina kizibo, na kizibo chenyewe kiko mikononi mwa Bodil.

Maji ya ziwa yalikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea, napo ni kwenye lango la mbao la kinu chake. Kila mwaka, siku ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa mwezi wa tisa, Bodil aliliinua lango hilo kwa siku nane. Ziwa lilishuka kina cha kumfika mtu kifuani. Matope yakazolewa, gurudumu likatengenezwa, na mikunga iliyonenepa kiangazi chote ikateremka yenyewe kwenye vikapu. Kijiji kilikula mikunga ya kuchemsha na ya kukaanga, iliyobaki ikatundikwa juu ya moshi iwe akiba ya baridi. Hata kasisi, ambaye tangu kanisa libadilike alikuwa akihubiri kwamba sikukuu za watakatifu ni upuuzi, alikuwa haikosi Mikaeli, na alikuja na vikapu viwili.

Bodil alipoona alama ile ya shoka aliacha unga wake, akaenda ukingoni mikono imejaa vumbi jeupe, akaita. Fundi, alisema, maji hayo hayakai hapo mwaka mzima. Alikuwa anaendelea.

“Mama,” Truels akamkatiza kutoka kwenye mashua, bila hata kugeuka, “rudi ukasage. Maji yanapimwa kwa macho, hayapimwi kwa mdomo.”

Mafundi walicheka hadi mashua ikayumba. Bodil alirudi nyumbani uso umemwiva, akapiga meza, akaapa kwamba neno hilo Truels hatalisikia tena kutoka kwake, hata aje kupiga magoti. Kesho yake walizungushia nguzo ukuta wa mbao na udongo, wakachota maji ya ndani, misumeno ikaanza. Ilikata wiki tatu. Kila siku Bodil alipata kisingizio cha kwenda ukingoni, akasimama akisikiliza mwaloni mzuri ukikatwa mahali pasipo pake. Ulimi ulimwasha, akauuma. Siku misumeno iliponyamaza alijiona ameshinda. Ngoja Mikaeli ifike, alijiambia, ngoja watu waone kwa macho, maana ndiyo yanayopima.

Mikaeli ikafika, lango lisifunguliwe. Bwana Esge alikuwa ametoa amri: mashua za mawe na matofali zinahitaji maji, kwa hiyo lango lisiguswe mpaka nyumba iezekwe. Ikawa hivyo mwaka huo, na wa pili, na wa tatu. Nyumba ikapanda. Tope nalo likapanda. Gurudumu la Bodil, ambalo zamani lilikuwa likizunguka mpaka sahani zinagongana kabatini, sasa lilikuwa linajikokota. Shehena ya siku moja ikawa ya siku tatu, na wakulima, ambao tumbo halina subira, wakaanza kubeba magunia yao hadi kinu cha upepo cha kule kilimani. Wengine walipita mbele ya mlango wake wakijifanya wanatazama mawingu.

Mwaka wa nne paa likakamilika. Msimamizi wa shamba alipita asubuhi moja ya mwezi wa nane, akamwambia Bodil kwamba Bwana amekubali, Mikaeli hii lango lifunguliwe. Bodil nusura amkumbatie. Aliingia ndani akajimiminia bia, akaketi kuifurahia siku ile ya aibu ya Truels, akaichora kichwani hatua kwa hatua: maji yanashuka, vichwa vya nguzo vinachomoza vyeusi chini ya mawe, watu wananyoosha vidole, Bwana Esge anakuja kutazama. Hapo akaiweka bia mezani. Kwani Bwana Esge akishaona, atafanya nini? Nyumba haiwezi kuinuliwa ikakatiwa nguzo nyingine. Kitu cha kufanya ni kimoja tu, tena rahisi: kupigilia lango misumari lisifunguke milele. Na kinu bila kuzolewa tope hakimalizi hata miaka miwili.

Miaka mitatu hasira ilikuwa imemficha hesabu hiyo ndogo. Kinu kile alikiachiwa na mumewe Jep, Jep alikiachiwa na baba yake, na Bodil hakuwa na mtoto wala shamba wala ndugu wa kumpokea. Asipofungua, tope linakiua. Akifungua, amri inakiua. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa pekee aliyeweza kumtoa ni yuleyule Truels aliyemfukuza.

Alikaa siku mbili akigombana na nafsi yake. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akavuka daraja la kuinuliwa, akaingia Ellekær kwa mara ya kwanza.

Lazima tuseme kweli, ilikuwa nyumba. Ilikuwa nyumba mbili, kwa kweli, ndefu, zimegeuziana migongo, na kati yake umesimama ukuta mmoja mnene ajabu. Ndani ya ukuta huo Truels na waashi walikuwa wameficha ngazi, na chini ya ngazi kisima. Adui akiiteka nyumba ya kwanza, watu wanapenya mlango mdogo, wanajifungia katika ya pili, na maji ya kunywa wanayo. Pembeni kulikuwa na minara ya duara ili bunduki zitazame ukuta wote, madirisha ya chini yalikuwa membamba, na juu ya lango kulikuwa na matundu ya kumwagia wageni vitu vya moto. Bodil aliyatazama matundu hayo akatikisa kichwa. Yote haya kwa ajili ya watu kama marehemu Jep, ambaye mwaka ule wa moto aliondoka na fyekeo akarudi na kikohozi.

Alimkuta Truels peke yake ndani ya ukuta, ameketi kwenye ngazi ya siri, anafunga kifuniko cha kisima. Alikuwa amezeeka kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la chokaa.

“Fundi,” Bodil alisema, “Mikaeli hii nafungua lango.”

“Nimesikia. Fungua, mama.”

“Ziwa litashuka kina cha hapa.” Akajigusa kifuani. “Siku nane. Na ndivyo ilivyo kila mwaka, tangu kabla hatujazaliwa mimi na wewe.”

Nyundo ilisimama. Truels hakumwomba arudie. Aliiweka nyundo chini taratibu, akatazama mawe yaliyokuwa chini ya viatu vyake, na rangi ikamtoka usoni hata midomo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia mapema.

“Nilikuja,” Bodil akasema. “Ukaniambia nirudi nikasage.”

Ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote, maana hakuongeza habari ya zile wiki tatu, lakini ilikuwa kweli, na Truels aliipokea kwa kichwa kilichoinama. Hakubisha. Bodil alikuwa amejiandaa kwa ubishi, akajikuta hana kazi.

Basi waliketi pale kwenye ngazi, fundi akichora kwa chaki juu ya kifuniko cha kisima, mwanamke akimsahihisha. Hapana, mkondo hauko hapo, uko huku. Hapana, hapo ni mwamba, nguzo haishuki. Safari hii Truels aliuliza kila kitu mara mbili. Mwishowe dawa ikapatikana: tuta la nguzo na udongo wa mfinyanzi, likate mdomo wa ziwa mbele ya kinu, lenye ukingo wa kumwagia maji juu yake. Ziwa halitashuka tena chini ya ukingo huo, na kinu kitabaki na dimbwi lake, lifunguliwe na kuzolewa na kuvuliwa mikunga kama zamani. Ilikuwa kazi ya wiki tano, kama Bwana Esge angetoa watu na mikokoteni.

Na hapo ndipo penye mwiba. Bwana Esge angeambiwa nini? Truels alikuwa ameitwa kujenga nyumba ya namna hii kule Jylland, na alihitaji barua ya sifa kutoka Ellekær. Tena Bwana alikuwa amemwahidi kwamba jina lake litachongwa kwenye jiwe juu ya mlango, chini ya ngao ya ukoo, heshima ambayo seremala haipati mara mbili. Alifikiri, akasugua chaki mikononi, akasema sababu ipo, na si ya uongo. Adui hahitaji mizinga. Anahitaji kuinua lango la kinu tu, akangoja, na nyumba ya majini inakuwa nyumba ya matopeni. Tuta linazuia hilo. Bodil aliona ni maneno mazuri, na alifurahi zaidi kwamba hayakuwa na jina la mtu ndani yake.

Wote wawili walijiona wajanja. Haki ya Mungu, walijiona wajanja kwelikweli.

Kesho yake Truels alimweleza Bwana Esge uani, mbele ya msimamizi na waashi, na Bodil aliitwa aeleze maji yanavyokwenda. Bwana Esge alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza kusikiliza alimshika fundi bega, akasema kwamba watu wote waliokuja kuitazama nyumba hii, makapteni wa vita kwa mabwana wa Copenhagen, hakuna hata mmoja aliyeliona jambo hilo. Tuta lijengwe mara moja. Truels akainamisha kichwa kwa adabu.

Kisha Bwana Esge akamgeukia Bodil, akamtazama kwa utulivu, kwa namna ya mtu anayepima.

“Miaka yote hii najenga humu,” alisema, “kumbe kizibo cha ziwa langu anacho mama huyu.”

“Nimekuwa nacho tangu niolewe, miaka ishirini na sita, Bwana,” Bodil alijibu. “Hakijawahi kupotea.”

“Mumeo alikuwa wapi mwaka wa moto?”

Hakuna aliyekuwa hajui Jep alikuwa wapi. Bodil alisema mumewe ni marehemu na hesabu yake iko kwa Mungu. Bwana Esge hakukasirika, wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Bodil baridi. Alimwambia msimamizi kwamba kinu kikabidhiwe kwa mtu wao, mtu wa kuaminika kutoka mbali, na mama huyu aondoke kabla ya Mikaeli. Apewe ng'ombe mmoja, aliongeza, asiseme ameonewa.

Bodil, ambaye kijiji kizima kilimwogopa kwa ulimi, aliikunja tu ncha ya aproni yake. Alimtazama Truels. Hakumtazama kumwomba, alimtazama kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Truels alikohoa.

“Bwana wangu,” alisema, “hili la adui nimelitunga jana. Ni kweli, lakini si sababu. Sababu ni mimi. Nilipima maji lango likiwa limefungwa, sikuuliza mtu, nikakata nguzo juu mno. Ziwa likishuka, vichwa vitakauka, na wajukuu wako wataishi katika nyumba inayozama. Mama huyu alikuja kuniambia siku ileile niliyochonga alama. Nikamfukuza mbele ya watu. Waashi hawa wawili walikuwepo. Bila yeye kuja tena jana, tusingejua. Ukimwondoa mtu kwa sababu ya maji haya, niondoe mimi.”

Waashi wawili walitazama viatu vyao, wakakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Bodil alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mitatu. Aliyangoja akisaga, akiyapanga kinywani mwa Truels akiwa kitandani, kila neno mahali pake, na mashahidi wakiwepo. Sasa yalikuwa yametamkwa, hadharani, mazuri kuliko alivyoyapanga, na hayakuwa na ladha yoyote. Aliona haya tu. Alitamani afunikwe na kitu.

Bwana Esge alitembea hadi mwisho wa ua akarudi. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mjinga. Alijua mtu anayekuja kukuambia maji yako yanashuka si mtu wa kukuchomea nyumba. Alisema Bodil abaki na kinu chake na lango lake. Truels atajenga tuta, kisha aende zake. Barua hakuna. Jiwe la juu ya mlango lichongwe mwaka na ngao ya ukoo, basi.

Tuta lilichukua wiki sita, maana mvua iliingilia. Truels alilijenga kwa mikono yake mwenyewe, akiingia majini na vibarua, na kila asubuhi alipita kinuni kumuuliza Bodil maji yamelala wapi usiku. Siku ya Mikaeli lango likainuliwa. Dimbwi la kinu likashuka mpaka tope likaonekana, na upande wa pili wa tuta ziwa likabaki vilevile, limejaa, nyumba imesimama ndani yake na minara yake minne. Watu walishangilia, ingawa wengi walikuwa wakishangilia mikunga. Kasisi alileta vikapu vitatu, maana alikuwa na madeni ya miaka mitatu.

Siku chache baadaye Truels alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye mkokoteni. Bodil alimletea kikapu cha mikunga ya moshi na mkate mweusi, akakiweka chini kando ya kikapu chake mwenyewe, asiondoke. Alikuwa amelibeba jambo hilo wiki sita, na aliona likibaki kwake litamwozesha.

“Fundi, sikukuambia kweli yote. Ulinifukuza siku moja. Ulikata wiki tatu. Nilikuja kila siku ukingoni, ningeweza kupiga kelele siku yoyote ukasikia. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uharibu.”

Truels aliendelea kukaza kamba. Akaikaza, akaijaribu, akaifunga fundo la pili.

“Najua,” alisema.

“Unajua nini?”

“Nilikuwa nakuona. Kila siku umesimama palepale, umekunja mikono. Mwanamke mwenye kinu haachi kazi wiki tatu kuja kutazama misumeno. Nilijua una neno, na nilijua ni neno la maji. Nikajiambia, nikimwita huyu mama nikamuuliza, watu wangu watanionaje? Basi nikawaambia wakate haraka.”

Bodil alimtazama mzee yule mwenye mikono iliyopasuka kwa maji ya baridi, aliyekuwa anaondoka bila barua wala jina, akafikiria jinsi walivyosimama siku zile zote, yeye ukingoni na mwenzake kwenye mbao, hatua arobaini kati yao, kila mmoja anajua, na msumeno unakwenda. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Kisha akainama, akachagua mikunga miwili minene kutoka kikapu chake mwenyewe, akaiongeza kwenye kile cha Truels, akamwambia akifunike vizuri kwa kitambaa, maana njia ya kwenda bandarini Svendborg ina mbwa wengi.